Alama Nne za Moto

Mama alikuwa na alama nne za moto juu ya kifundo cha mkono wa kulia, zimefuatana kama shanga. Alichomwa kwa kijiti chenye kaa, porini, kabla hatujahamia Garissa mjini. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vikimfa ganzi usiku. Anaamka, anaukung'uta mkono kama umelowa, halafu usingizi umekwisha. Maisha yake yote alisokota nyuzi za magome ya migunga na kufuma mikeka ya kuezekea aqal, nyumba zetu za kuhamahama. Asubuhi na jioni alikama mbuzi.

Waliomchoma siwalaumu. Kwetu moto ulitumika kutibu mgongo, kifua, hata macho ya manjano. Ila hakuna aliyeona kilichokuwa chini ya ngozi.

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Iftin, Garissa, jina ambalo kwa Kisomali ni mwanga. Ganzi ile ile iliponishika, nilipakwa jeli baridi, kifaa cha altrasaundi kikapitishwa juu ya kifundo. Nilipokunja vidole, kano zilitembea kwenye skrini. Juu ya kano hizo kulikuwa na neva, duara jeusi lenye vitone kama sega la nyuki. Mpiga picha akaizungushia mstari: milimita 14 za mraba. Kwa kawaida, akasema, haizidi 10 hivi; yangu ilikuwa imevimba kwa kubanwa.

Tangu siku hiyo nimeifuatilia historia ya ugonjwa huu na ya kipimo kile. James Paget, daktari wa London, aliandika kuhusu neva kubanwa hapo kifundoni mwaka 1854. Kuiona neva yenyewe kulichelewa mno. Ian Donald wa Glasgow alichapisha picha za tumbo kwa mawimbi ya sauti mwaka 1958, baada ya kuanza na chombo cha viwandani cha kutafuta nyufa kwenye vyuma. Ni mwaka 1991 ndipo Buchberger na wenzake, Innsbruck, Austria, walipoonyesha kwa altrasaundi neva ya kifundo iliyovimba.

Huku kwetu wengi waliijua altrasaundi kuwa ya wajawazito tu, na kipimo cha umeme cha neva kilikuwa safari ya Nairobi, kilomita zipatazo 370.

Neva ikibanwa miaka mingi, nyama ya chini ya gumba husinyaa. Ya mama ilisinyaa. Hakuweza tena kufunga kifungo. Dada zangu mnaofuma na kushona, ganzi ikiwaamsha usiku, mwonyesheni daktari mkono huo mapema, kabla ya kumpelekea mchomaji.