Daftari la Kamisheni: Historia ya Biashara ya Kupeleka Wateja Mtandaoni

Mwaka 1989, intaneti ilipokuwa bado chombo cha vyuo vikuu na maabara, Mmarekani William J. Tobin alifungua duka la maua lisilo na mlango wala kaunta. Liliitwa PC Flowers & Gifts, na lilikuwa ndani ya Prodigy, huduma ya mtandao iliyowafikia wanachama wake kwa kompyuta na waya wa simu ya nyumbani. Mteja alichagua maua kwenye skrini, akaandika anwani ya anayempelekea, na maua yakafika. Kufikia mwaka 1993 duka hilo lilikuwa linauza zaidi ya dola milioni 6 kwa mwaka kupitia Prodigy.

Kuagiza maua ukiwa mbali hakukuwa jambo geni. Watu walishazoea kufanya hivyo kwa simu. Jambo geni lilikuwa mpango wa malipo. Tobin aliwapa wenye mtandao fungu la mauzo. Maua yakinunuliwa, Prodigy ilipata chake. Yasiponunuliwa, haikupata kitu. Alipolihamishia duka lake kwenye intaneti, aliupeleka mpango huohuo kwa wenye tovuti wengine, na kufikia 1995 alikuwa na washirika 2,600. Januari 1996 aliomba hataza ya mbinu hiyo.

Huko ndiko ilikoanzia biashara inayowalipa leo wanablogu, watengeneza video, magazeti makubwa na vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni. Kampuni inatoa bidhaa, mshirika anaieleza na kuweka kiungo, msomaji anabofya na kununua, mshirika anapata kamisheni. Kwa Mswahili hili si la ajabu, maana dalali wa nyumba na wa ng'ombe anakula kwa mpango huohuo tangu zamani. Lakini dalali husimama kati ya muuzaji na mnunuzi mpaka fedha zihesabiwe; anaonekana, na ana mdomo wa kudai haki yake. Mshirika wa mtandaoni hayupo mauzo yanapofanyika. Hamjui mnunuzi, hajui amelipa ngapi, na pengine saa hiyo yeye amelala. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 30 biashara hii imezunguka swali moja: nani anaandika kwamba mteja huyu aliletwa na fulani, na nani analishika daftari hilo?

Muziki, kisha vitabu

Mwaka 1994, ndugu pacha Jason na Matthew Olim walianzisha duka la kuuza diski za muziki mtandaoni, CDNow, wakiwa nyumbani kwa wazazi wao katika jimbo la Pennsylvania. Kampuni ya muziki ya Geffen ilitaka wageni wa tovuti yake waweze kununua kazi za wasanii wake, ila haikutaka kubeba shughuli ya kupokea maagizo na kufungasha vifurushi. CDNow wakaichukua kazi hiyo: Geffen iweke kiungo, wao watauza na kusafirisha. Mpango wao, uliopewa jina la BuyWeb, ulianza Novemba 1994. Tovuti yoyote iliyoandika habari za albamu iliweza kumpeleka msomaji moja kwa moja mahali pa kuinunua.

Amazon ilifungua duka lake la vitabu kutoka Seattle mwezi Julai 1995. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1996, ikazindua mpango wa Associates, na huu ndio ulioifanya kamisheni ya mtandaoni kuwa jambo la watu wa kawaida. Mtu mwenye tovuti ndogo kuhusu bustani, ufugaji wa nyuki au historia ya reli aliweza kupendekeza kitabu na kulipwa kilipouzwa. Kujiunga kulikuwa bure, na hakuna aliyeulizwa mtaji wala ghala. Kufikia mwisho wa muongo huo washirika wa Amazon walikuwa laki kadhaa.

Amazon nayo iliomba hataza, Juni 1997, na ikaipata Februari 2000. Tobin, aliyekuwa ametangulia kuomba kwa zaidi ya mwaka mmoja, alipewa yake Oktoba 2000. Mwaka huohuo CDNow ikauzwa kwa kampuni ya Kijerumani ya Bertelsmann kwa dola milioni 117. Waliopasua njia walipitwa, na aliyewaandikisha washirika wengi kuliko wote ndiye aliyebaki akiongoza.

Daftari lenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeipatia biashara hii daftari ni Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape, aliyebuni kidakuzi mwaka 1994. Kabla ya hapo kila ukurasa ulikupokea kama mgeni asiyejulikana. Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti inaliacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi.

Utaratibu wake ni huu. Tuseme mshirika ameandika makala kuhusu jiko la gesi. Kiungo alichoweka kina namba yake ya utambulisho. Ukikibofya, duka linaacha kidakuzi chenye namba hiyo kwenye kivinjari chako. Ukinunua kabla muda wake haujakwisha, programu ya duka inaisoma ile namba na kumwandikia mshirika kamisheni. Katika mpango wa Amazon muda huo ni saa 24 tu; ukiwa umeiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, kamisheni yake inasubiriwa hadi siku 90. Ukiacha jiko ukanunua viatu, mara nyingi kamisheni ya viatu ni yake vilevile. Fedha zenyewe huja takriban siku 60 baada ya mwezi kwisha, na bidhaa ikirudishwa, kamisheni inafutwa.

Kampuni zinaupenda mpango huu kwa sababu iliyo wazi. Tangazo la televisheni hulipiwa hata lisipouza kitu, lakini kamisheni hulipwa baada ya fedha ya mteja kuingia. Hasara ya kujaribu imehamia kwa mshirika. Yeye ndiye anayenunua kamera, kulipia tovuti, kuandika usiku na kungoja. Haki inataka mtu aliyebeba mzigo huo aonyeshwe hesabu bila kufichwa kitu.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa kampuni za kati. LinkShare ilianzishwa New York mwaka 1996, na Commission Junction ikafuata California mwaka 1998. Hizi hukaa kati ya kampuni nyingi na washirika wengi. Zinahesabu mibofyo, zinakusanya kamisheni, zinawalipa washirika, na kuzitoza kampuni ada ya huduma. Mwaka 2005 Rakuten ya Japani iliinunua LinkShare kwa dola milioni 425. Bei hiyo ilikuwa ya kazi ya kushika daftari, maana LinkShare haikuwa na ghala la bidhaa.

Daftari linapochezewa

Penye fedha hapakosi hila. Mwaka 2008 eBay ilifungua kesi dhidi ya washirika wawili waliokuwa juu kabisa katika mpango wake. Walikuwa wameingiza kwa siri vidakuzi vya eBay kwenye vivinjari vya watu ambao hawakuwahi kubofya kiungo chochote. Mmoja wa watu hao akija kununua eBay kwa hiari yake, kamisheni ilikwenda kwa watu wasiomshawishi kwa lolote. Serikali ya Marekani iliingilia kati, na mwaka 2014 wote wawili walihukumiwa kifungo.

Ugomvi mwingine hauhitaji mwizi, kwani umo ndani ya kanuni zenyewe. Mipango mingi humlipa aliyebofywa mwisho. Aliyetumia wiki nzima kulijaribu jiko na kueleza ubora wake hapati kitu ikiwa mnunuzi, kabla tu ya kulipa, amepitia tovuti ya kuponi za punguzo. Desemba 2024 mtengeneza video mmoja wa YouTube alidai kwamba Honey, programu ya kutafuta kuponi ambayo PayPal iliinunua kwa takriban dola bilioni 4, ilikuwa ikiweka namba yake mahali pa namba za washirika wengine. PayPal ilijibu kuwa inafuata kanuni za sekta, ikiwemo hiyo ya mbofyo wa mwisho. Kesi zilifunguliwa, na Machi 2025 Google ikabadilisha masharti ya programu za namna hiyo katika kivinjari chake cha Chrome.

Tangu 2017 Apple nayo imekuwa ikibana vidakuzi vya ufuatiliaji katika kivinjari chake cha Safari ili kulinda faragha ya watumiaji. Hatua hiyo ina faida kwa msomaji, lakini imezilazimu kampuni kuhamishia kumbukumbu kwenye kompyuta zao wenyewe, ambako mshirika hawezi kuzikagua.

Mwenye daftari pia ndiye mwenye bei. Mwaka 2011, California ilipopitisha sheria ya kuwataka wauzaji wa mtandaoni wenye washirika ndani ya jimbo wakusanye kodi ya mauzo, Amazon iliwaachisha washirika wake wote wa huko, takriban 10,000, na kuwarejesha baada ya kufikia maelewano na serikali miezi michache baadaye. Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona na kununua sana mtandaoni, Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Bidhaa ya dola 100 iliyokuwa ikimpa mshirika dola 8 sasa ikampa 3, kwa kazi ileile.

Mali ya mshirika ni imani ya msomaji

Kuna kitu kimoja ambacho kampuni haiwezi kukishusha kwa barua pepe: msomaji anayeamini neno lako. Mwaka 2011 mwandishi Brian Lam alianzisha Wirecutter, tovuti ya kujaribu vifaa kwa makini na kupendekeza vichache. Ilijiendesha zaidi kwa kamisheni, na mwaka 2016 The New York Times ikainunua kwa zaidi ya dola milioni 30. Thamani yake ilikuwa imani ya watu kwamba asilimia ya kamisheni haichagui mshindi.

Serikali ya Marekani iliiona hatari ya upande wa pili, ya sifa zinazolipiwa kwa siri. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilirekebisha miongozo yake na kuwataka wanaosifu bidhaa mtandaoni waweke wazi kama wanalipwa. Msomaji ana haki ya kujua, na kumwambia hakuharibu biashara ya mtu mkweli.

Afrika Mashariki nayo imeonja. Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, iliingia Kenya mwaka uliofuata na kujenga jeshi la mawakala wanaowaagizia jirani zao bidhaa na kulipwa kamisheni. M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, ilikuwa imeshaandaa njia ya kulipana bila akaunti ya benki. Lakini Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania. Aliyekuwa ameegemea duka hilo peke yake alibaki na viungo visivyouza chochote.

Kijana wa Mwanza au Mombasa anayetaka kuingia katika kazi hii asome masharti kabla ya kupiga picha ya kwanza: kidakuzi kinadumu muda gani, nani analipwa mibofyo ikiwa miwili, fedha zinatoka lini na kwa njia ipi, na akiachishwa atapewa notisi ya siku ngapi. Asitegemee duka moja. Aandike kwa Kiswahili cha wazi kwamba atalipwa msomaji akinunua, na asisifu kitu ambacho asingemnunulia mama yake. Kampuni zetu nazo, zinapoanzisha mipango kama hii, ziweke masharti hayo kwa Kiswahili na zimruhusu mshirika aone mauzo yake siku kwa siku. Anayeleta mteja anastahili kuliona daftari, na sheria zetu za biashara ya mtandaoni zinapaswa kuisema haki hiyo bayana.