Ajai: Kifaru na Mpaka Wake

Msafiri atokaye Arua kwenda mashariki huteremka hadi kingo za Mto Naili, mahali paitwapo Rhino Camp, yaani Kambi ya Vifaru. Jina hilo lilitokana na mwaka 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza muda wake wa urais wa Marekani, alipopiga kambi huko kuwinda kifaru mweupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru tisa, na wala hakuna aliyewaita majangili. Nchi hiyo ya Lado ilikuwa ingali mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ilitiwa katika Uganda, na Arua ikawa makao ya wilaya ya West Nile.

Baada ya bunduki ikaja ramani. Mlima Kei, kaskazini-mashariki ya Koboko, uliandikwa mara mbili: kuwa msitu wa serikali na kuwa kimbilio la vifaru. Penye vinamasi vya Naili paliwekwa hifadhi ya Ajai, nayo ikapewa jina la mtemi aliyewalinda vifaru wa hapo. Jambo hili lastahili kuangaliwa vizuri. Serikali ilichukua jina la mtu aliyewahifadhi wanyama huku watu wake wakiishi jirani nao, kisha chini ya jina hilohilo ikakataza kulima na kulisha ng'ombe bila kibali.

Mwaka 1961 na 1964 vifaru 15 walihamishiwa mbuga ya Murchison. Mbuga hiyo ilikuwa imetangazwa mwaka 1952, juu ya nchi ambayo kwa sehemu kubwa wakazi wake waliondolewa na wakoloni mwanzoni mwa karne kwa ajili ya malale. Lakini huko nako hawakusalimika. Vita na ujangili vilipokwisha kupita, kufikia mwaka 1983 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja wa porini. Miaka hiyohiyo watu wa West Nile kwa maelfu walikuwa wakimbizi Sudan na Zaire. Waliporejea, mnyama hayupo, mpaka upo.

Dira ya Uganda ya 2040, iliyozinduliwa mwaka 2013, inautaja utalii miongoni mwa nguzo za kukuza uchumi, na mamlaka ya wanyamapori ikatangaza nia ya kurudisha vifaru Ajai. Sheria huwatengea majirani wa hifadhi asilimia 20 ya viingilio. Ni haki, ila asilimia 20 ya lango lisilo na wageni ni kitu gani kwa mwenye shamba lililopakana na uzio?

Vifaru wa kuletwa ni wa ukoo wa kusini, jamii ya wale sita waliofikishwa Ziwa mwaka 2005 na 2006 kutoka Kenya na Marekani. Dume la mwisho la ukoo wa kaskazini, ule aliouwinda Roosevelt na kuulinda Ajai, lilikufa Kenya mwaka 2018.