Anayeaga na Anayeagwa: Kumsikiliza Mahler Mkoani Mara

Wahakiki wengi huzisoma nyimbo za okestra za mwisho wa kipindi cha ulimbwende kama maliwazo: binadamu anakufa, maumbile yanamfariji. Usomaji huo unaifaa Vier letzte Lieder ya Richard Strauss (1948), ambayo wimbo wake wa kufungia unawaonyesha wawili waliozeeka pamoja wakitazama machweo, filimbi zikiiga ndege. Kwa Gustav Mahler unapwaya, na mtu aijuaye Butiama, mkoani Mara, alikozikwa Julius Nyerere, ataliona hilo upesi.

“Der Abschied”, kipande cha mwisho cha Das Lied von der Erde (1908–1909), huchukua takriban nusu saa, karibu sawa na vipande vitano vya kwanza kwa jumla. Maneno yana asili katika mashairi ya Wang Wei na Meng Haoran, yaliyomfikia Mahler kupitia kitabu cha Hans Bethge; mistari ya mwisho, inayoiona dunia ikichipua, aliiongeza mwenyewe. Katikati mwimbaji hunyamaza na okestra hupiga peke yake mwendo wa maziko. Mwishoni neno moja hurudiwa na kurudiwa juu ya selesta na mandolini, na mlio wa kufungia hubaki na noti moja ya ziada isiyotua. Mahler, Myahudi mzaliwa wa Bohemia, alikuwa amefiwa na bintiye mwaka 1907, mwaka uleule alioiacha kazi yake Vienna na kwenda New York. Anayeaga katika wimbo wake ndiye anayeondoka. Anakutaja nyumbani, lakini nyumbani huko hakuna jina la kilima wala la ukoo.

Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23. Nyimbo za maombolezo zilizotawala redio siku zile zilimlilia yeye. Ardhi ya kwao haikuhitaji kuagwa. Alikuwa anarejea Mwitongo, walikozikwa wazazi wake, jirani na msitu wa Muhunda ambao Wazanaki huuheshimu kwa sababu ya mzimu wao. Pale kuyapenda maumbile na kuwatambua wafu ni jambo moja, na aliyebaki ndiye anayeaga.

Hata hivyo, Mara inajua pia kuiaga ardhi yenyewe. Wilayani Bunda, wakazi wa Nyatwali, kati ya Hifadhi ya Serengeti (iliyoanzishwa 1951) na Ghuba ya Speke, walitakiwa kuhama kwa fidia ili eneo liwe la wanyamapori. Hao ndio walio karibu zaidi na msafiri wa Mahler, ila kwa sharti ambalo ulimbwende haukulifikiria: kwake dunia huchipua ingawa mtu ameondoka, Nyatwali mtu anaondolewa ili dunia ichipue. Ndiyo maana, kwa msikilizaji wa Bunda, ule utulivu wa mwisho unaosifiwa na wahakiki unaweza kusikika kama amri ya kuhama iliyotamkwa kwa upole.