Homa ya ndege: Jinsi soko la kuku linavyoweza kukata maambukizi

VIRUSI vya homa ya ndege hupata makao mema katika soko la kuku walio hai. Ndege kutoka mashamba mbalimbali hurundikwa katika vizimba vilivyoshikana, wagonjwa kwa wazima, na wasionunuliwa hulala papo hapo hadi wenzao wa kesho wawasili. Hivyo virusi havikosi pa kuhamia, ingawa kila kuku hukaa sokoni siku chache tu.

Hali hiyo ilidhihirika Hong Kong mnamo 1997, pale aina ya H5N1 ilipoambukiza watu 18 na kuua sita miongoni mwao. Sampuli za kinyesi kutoka masokoni zilionyesha kwamba takriban kuku mmoja kati ya kila watano alikuwa na virusi. Mwishoni mwa Desemba, serikali iliamuru kuku wote wauawe, zaidi ya milioni moja.

Maambukizi kwa binadamu yalikoma, lakini soko lilibaki vile vile. Ndipo mageuzi yakaanza. Kuanzia 1998, bata na bata bukini, ambao huweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, walitengwa na kuchinjiwa kwingine. Mwaka wa 2001, baada ya virusi kuzuka upya, iliwekwa siku moja ya mapumziko kila mwezi: kuku wote waliosalia huchinjwa, kisha vibanda na vizimba husafishwa kabla ya shehena mpya kuingia. Kware walipigwa marufuku masokoni mnamo 2002, na siku ya pili ya mapumziko ikaongezwa 2003. Hatimaye, mnamo 2008, ikawa mwiko kuku aliye hai kulala sokoni. Asiyeuzwa kufikia saa mbili usiku sharti achinjwe.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwani huvunja mnyororo kila jioni.

Usafi nao una utaratibu wake. Dawa ikinyunyiziwa juu ya kinyesi na manyoya hupoteza nguvu; ni lazima maji na sabuni vitangulie. Tenga la miti ni vigumu kulitakasa, ilhali kreti ya plastiki huoshwa kwa urahisi.

Humu nchini, homa hiyo ilipozuka Uganda mnamo Januari 2017, Kenya ilipiga marufuku kuku kutoka huko. Marufuku ya mpakani hutangazwa kwa siku moja. Kurekebisha soko ni kazi ya miaka. Mchuuzi anayerejea kijijini na jogoo aliyekosa mnunuzi, katika tenga lile lile, anaweza kuwapelekea kuku wa nyumbani virusi vya sokoni.

Isitoshe, riziki ya watu imo hatarini. Hong Kong iliwalipa fidia wafanyabiashara waliopoteza kuku wao. Pasipo fidia, mwenye kuku anayesinzia kizimbani hatamwita daktari wa mifugo. Atamuuza upesi kwa bei ya kutupa, kabla hajafa.