Kurushiana mafaili kwa simu

Kurushiana mafaili ni kuhamisha picha, nyimbo, video, nyaraka au programu kutoka simu au kompyuta moja hadi nyingine iliyo karibu, kwa mawimbi ya redio, bila waya na bila kula bando. Vyombo vyake vikuu ni Bluetooth, Quick Share kwenye simu za Android, AirDrop kwenye vifaa vya Apple, na programu za kupakua kama Xender na SHAREit. Kwa kuwa anayetaka kuingilia lazima awe jirani na simu, faragha hapa ni suala la abiria wenzako, wateja wa kibanda kimoja na watu wa kitongoji kimoja kuliko la mdukuzi aliye ng'ambo. Sehemu kubwa ya ulinzi imo ndani ya mipangilio ya simu yenyewe: nani anaiona, inajitangaza kwa jina gani, na inakaa wazi kwa muda gani.

Matumizi Mbinga na mwambao wa Nyasa

Katika nchi ya Wamatengo wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, kata kama Kitura zikiwamo, na kando ya Ziwa Nyasa kutoka Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, kitu kizito husambaa kwa kurushiana. Video ya harusi au ya kipaimara ikishapigwa, haipakiwi mtandaoni; bando la kuipandisha na la kila ndugu kuishusha lingekuwa fedha nyingi. Hupita simu hadi simu, uani, kwenye kibanda cha kuchajia, stendi ya Mbinga mjini watu wakingoja gari. Nyimbo za kwaya huenda hivyo hivyo, na filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili pia. Simu nyingi mikononi mwa watu ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, na wengine bado wana kitochi chenye Bluetooth na memori kadi tu.

Msongamano wa melini ni mfano mzuri. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 kati ya Kyela na Mbamba Bay, imeundwa kubeba abiria 200. Simu ya abiria aliyeketi katikati ya sebule ya meli inaweza kufikiwa na Bluetooth ya makumi ya watu asiowajua, na safari ni ya saa nyingi.

Jinsi inavyofanya kazi

Bluetooth ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994, na umoja wa makampuni yanayoisimamia uliundwa mwaka 1998. Kwenye simu za kawaida hufika kama mita 10. Ni ya polepole: kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, filamu ya megabaiti 700 huchukua karibu dakika 50. Ndiyo maana Xender na wenzake hutumia Bluetooth kutafutana tu, kisha huhamia Wi-Fi: simu moja hufungua hotspoti, nyingine huingia kwa kusoma msimbo wa QR, na filamu ile ile huisha kwa dakika chache.

Hapo ndipo mtumiaji huulizwa maswali mengi, naye hubonyeza "ruhusu" bila kusoma. Ombi la kuwasha mahali ulipo ili urushe wimbo huwashangaza wengi, lakini lina sababu: tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu inayotafuta vifaa vya karibu ilitakiwa kuwa na ruhusa ya mahali, kwa kuwa orodha ya Wi-Fi na Bluetooth zinazokuzunguka inaweza kufichua ulipo. Android 12 ilitenga ruhusa ya vifaa vya karibu kwa Bluetooth, na Android 13 ikafanya hivyo kwa Wi-Fi. Kwenye simu za matoleo hayo mapya, programu ya kurushia inayong'ang'ania kujua mahali ulipo hata wakati haitumiki inyimwe ruhusa hiyo.

Nani anakuona

Mpangilio wenye uzito kuliko yote ni wa kuonekana. Quick Share, iliyotolewa na Google mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share na kuunganishwa na huduma ya Samsung mwaka 2024, ina ngazi kadhaa: simu ionekane kwa vifaa vyako mwenyewe, kwa watu uliohifadhi namba zao, au kwa kila mtu. AirDrop, iliyoanza mwaka 2011, ina ngazi ya kuzima, ya watu unaowafahamu na ya kila mtu.

Kwa miaka mingi mtumiaji wa AirDrop aliyechagua "kila mtu" alibaki hivyo hadi akumbuke kubadili, na wachache walikumbuka. Waandamanaji wa Hong Kong mwaka 2019 walitumia mwanya huo kuwarushia wageni habari za madai yao. Wahuni nao waliutumia kurusha picha chafu kwenye treni na mabasi, hadi Uingereza ikaifanya tabia hiyo kuwa kosa la jinai linalojitegemea kuanzia Januari 2024. Mwaka 2022 Apple iliweka kikomo cha dakika 10, kwanza China mwezi Novemba, kisha dunia nzima mwezi Desemba. Muda ukiisha simu hurudi kwa watu unaowafahamu. Quick Share nayo ina chaguo la dakika 10. Ni mpangilio wa kutosha kwa shughuli nyingi za kijijini: unafungua, unapokea, simu inajifunga yenyewe.

Ngazi ya "watu ninaowafahamu" inafaa mjini kuliko kijijini. Mfanyabiashara wa kahawa mwenye namba za nusu ya tarafa kwenye simu yake amejifungulia nusu ya tarafa. Isitoshe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kuwa AirDrop, inapolinganisha namba ili kujua kama mnafahamiana, huvujisha namba hizo katika sura inayoweza kufumbuliwa. Waliitaarifu Apple mwaka 2019 na kuchapisha matokeo mwaka 2021.

Kwenye kitochi mambo ni mepesi. Kuna sehemu ya kuonyesha au kuficha simu, na namba ya siri ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234, yaani si siri. Kuzima Bluetooth baada ya kazi ndiyo kinga ya uhakika. Kirusi cha Cabir cha mwaka 2004 kiliruka kutoka simu hadi simu kwa njia hii, ingawa kilimngoja mwenye simu akubali kukipokea; kasoro zilizotangazwa mwaka 2017 kwa jina la BlueBorne hazikungoja idhini ya mtu.

Jina la kifaa

Simu mpya ya Android kwa kawaida hujitangaza kwa jina la modeli, nayo iPhone mara nyingi huanza na jina la mwenyewe. Wengi hubadilisha: hubandika jina kamili, jina la duka, hata namba ya simu ya wakala. Mahali ambapo watu wanajuana kwa ukoo, jina kama hilo likionekana kwenye orodha ya mtu aliye chumba cha pili linatosha kumwambia nani yupo humo na saa ngapi. Ni heri jina lisilo na maana kwa mgeni.

Kinachobaki

Faili lililorushwa halipunguzwi kitu. Picha iliyopigwa huku mahali pamewashwa hubeba ndani yake longitudo na latitudo ya nyumba au shamba. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa taarifa hizo. Xender, Quick Share na Bluetooth hupeleka faili lilivyo. Kwenye AirDrop kuna sehemu ya kuondoa mahali kabla ya kutuma. Kwenye Android, njia rahisi ni kuzima mahali ndani ya kamera.

Simu inayotumiwa na familia nzima ina tatizo lake: programu za kurushia hutunza historia ya vilivyotumwa na kupokewa, na mafaili yenyewe hukaa kwenye folda iliyofichika machoni pa mwenye simu lakini si machoni pa fundi. Historia ifutwe ndani ya programu, mafaili yafutwe kwenye folda, na memori kadi itolewe kabla simu haijaachwa kwa fundi au kuuzwa.

SHAREit inastahili neno lake. Mwaka 2016 watafiti wa Core Security waligundua kwamba toleo lake la Windows lilifungua hotspoti yenye nenosiri lile lile kwa kila mtu duniani, 12345678, na kwamba kwenye Android hotspoti ingeweza kuwa haina nenosiri kabisa. Kasoro nyingine zilitangazwa na Trend Micro mwaka 2021. India iliipiga marufuku mwaka 2020 pamoja na Xender. Anayeitumia aisasishe, na aipakue Play Store badala ya kurushiwa programu yenyewe na rafiki, desturi iliyoenea sana na inayoweza kuleta nakala iliyochezewa.

Kompyuta

Windows ina huduma ya kushiriki na vifaa vya karibu tangu mwaka 2018. Kubwa kuliko hiyo ni kuutaja mtandao wa nyumba ya wageni au wa kibanda cha intaneti kuwa mtandao wa umma, si wa binafsi, ili folda zilizofunguliwa ofisini zisionekane na wageni wengine.

Sheria

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako wakusanyaji na wachakataji wa taarifa hutakiwa kujisajili. Inazigusa taasisi ndogo pia. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, anayemrushia mhasibu jedwali la wakulima wa kahawa, lenye majina, kilo na namba za akaunti, akiwa amekaa mgahawani na simu yake iko wazi kwa kila mtu, anabeba taarifa za wanachama kwa dhamana ya chama. Mwathirika anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume. Picha za ngono zikisambazwa kwa simu, shauri huenda polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.