Wimbi, Ulezi, Oburwe: Neno Moja Limetoka Wapi?

Ndugu wakulima wa Tarime na Serengeti, leo tunaacha kidogo habari za mbolea, tunazungumza juu ya neno. Msicheke. Neno likieleweka vibaya kwenye duka la mbegu, msimu mzima unaweza kupotea.

Neno lenyewe ni wimbi. Sokoni Sirari utalisikia kutwa, maana wenzetu wa upande wa Kenya ndivyo wasemavyo: uji wa wimbi, unga wa wimbi. Ukifungua vitabu vyetu vya kilimo vya Tanzania, nafaka hiyo hiyo inaitwa ulezi. Wazee wa Kikuria hawahangaiki na majina hayo mawili, wao husema oburwe. Wakisii husema obori, na Wajaluo, ambao wengi wao sasa wako Rorya, wilaya iliyotengwa na Tarime mwaka 2007, husema kal. Nafaka ni moja: ile ya suke lililogawanyika kama vidole vya mkono, punje zake ndogo, nyekundu au za rangi ya kahawia.

Mtu anayekaa karibu na ziwa anaweza kudhani jina hili limetokana na wimbi la maji, eti shamba likipigwa na upepo huyumba kama Ziwa Viktoria. Ni maneno matamu, lakini sivyo. Wakikuyu, watu wa milimani, huiita ugimbi. Hapo ndipo inapoonekana ile "g" iliyopotea: ugimbi ukalegea ukawa uwimbi, mwisho wimbi. Neno ni la wakulima, si la wavuvi. Hata gimbi, ile pombe ya nafaka, mimi naliona ni ndugu yake wa tumbo moja.

Sasa tazameni oburwe. Kiweke karibu na obori ya Wakisii, oburo ya Wahaya na obulo ya Waganda. Ni mzizi mmoja, matamshi tu yametofautiana. Maana yake nini? Maana yake mababu wa makabila haya waliilima nafaka hii zamani sana, kabla hawajaachana na lugha zao kugawanyika. Mahindi hayana ukoo wa namna hiyo. Jina lenyewe linataja Uhindi, kana kwamba yametoka huko, na kumbe asili yake ni bara la Amerika! Yalifika Afrika baada ya mwaka 1500. Ulezi ni mwenyeji. Wataalamu wanakubaliana kwamba ulianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Uganda na Ethiopia, halafu ukavuka bahari hadi Bara Hindi. Hata jina lake la kitaalamu, Eleusine coracana, limechukuliwa sehemu kutoka kurakkan, jina la watu wa Sri Lanka. Mtoto wa kwetu amesajiliwa ugenini.

Haya, turudi dukani. Kiingereza kina neno moja la jumla linalobeba ulezi na uwele pamoja, na neno hilo ndilo huandikwa kwenye mifuko mingi. Lakini uwele suke lake ni moja, nene na refu, na hustahimili ukame na mchanga kama ule wa Dodoma. Ulezi unataka mvua ya kutosha na udongo mzuri zaidi. Kwa hiyo usiulize jina la jumla. Uliza aina. Mwaka 2012 Tanzania iliidhinisha aina za ulezi zinazoitwa U15 na P224. Herufi na namba hizo hazibadiliki ukivuka mpaka. Kama mbegu ni ya jirani, mwombe akuonyeshe suke.

Tena kuna ulezi mwitu, unaofanana na ulezi wenyewe ungali mchanga hata macho ya mzoefu hudanganyika. Ndiyo sababu tunasisitiza kupanda kwa mistari: mche uliosimama nje ya mstari, ng'oa bila huruma. Kazi hiyo ya palizi ndiyo iliyowafanya wengi wahamie kwenye mahindi na muhogo, wala siwalaumu.

Ila wale mliobaki na oburwe ghalani mnajua jambo moja: ikikaushwa vizuri hukaa miaka mingi bila kubunguliwa. Gunia la mahindi bila dawa haliwezi.