Kifurushi cha Watu Wawili: Historia Fupi ya Simu Ndani ya Ndoa

Wanafunzi wangu wanaokaribia kuoa na kuolewa, na watumishi wa umma waliopangiwa vituo mbali na wenza wao, huniuliza swali ambalo kwa juu juu ni la sokoni tu: watu wawili wafanyeje ili wawasiliane kila siku bila simu kumaliza mshahara? Wengi hutarajia niwatajie kampuni. Mimi huwarudisha kwenye historia, kwa sababu bei tunazolipa leo, na hata namna tunavyogombana kuhusu salio, ni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa kabla ya wengi wao kuzaliwa.

Tuanze na jambo linalosahauliwa. Hapa kwetu simu ilikuwa ya nyumba kabla ya kuwa ya mtu. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma za posta na simu Tanzania zilibaki mikononi mwa shirika moja la umma. Simu ya mezani ilikuwa ya wachache, nayo iliandikishwa kwa jina la mkuu wa kaya, mara nyingi mume. Wote waliitumia, na bili ilikuja moja. Gharama ilikuwa ya pamoja, lakini mamlaka hayakuwa ya pamoja: aliyelipa bili ndiye aliyeamua nani apige, ampigie nani, na kwa muda gani. Nyumba nyingine ziliifunga simu kwa kufuli dogo, na ufunguo ukakaa kwa baba.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba huo. Shirika likagawanywa, TTCL ikazaliwa, na katikati ya miaka ya 1990 simu za mkononi zikaingia. Vodacom ilianza huduma mwaka 2000, Celtel ikafuata mwaka 2001. Hata hivyo, kilichobadilisha maisha ya wengi zaidi ni malipo ya kabla, yaani vocha ya kukwangua. Mtu asiye na akaunti ya benki wala anwani ya makazi aliweza kuwa na namba yake mwenyewe. Mke akapata namba isiyo ya mumewe. Naliona hilo kuwa miongoni mwa mapinduzi ya kimyakimya ya kizazi chetu.

Mapinduzi hayo yalikuwa na gharama yake. Tulipopata laini ya mtu mmoja mmoja, tulipoteza bili ya nyumba. Kila mmoja akabaki na vocha yake, na wawili wakalazimika kubuni upya namna ya kuchangia. Kwanza walibuni kubipu. Mtafiti Jonathan Donner, katika makala yake ya mwaka 2007 iliyotokana na utafiti alioufanya Rwanda, alionyesha kuwa kubipu kulikuwa na kanuni zake: mwenye uwezo zaidi ndiye anayepaswa kupiga, na kijana anayemtongoza msichana hapaswi kumbipu. Msomaji wa rika langu hahitaji kufundishwa kanuni hizo, alizifuata. Baadaye ikaja huduma ya kumhamishia mwingine muda wa maongezi. Hapo wenza wakapata kitu kinachokaribia mfuko wa pamoja: mmoja ananunua, mwingine anarushiwa. Lakini kurushiwa kuna maana ya kuomba, na anayeomba kila siku huanza kuhesabiwa maneno yake.

Jambo la pili lililotengeneza tabia zetu ni gharama za mwingiliano, yaani fedha ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine ili simu ipokelewe upande wa pili. Zilipokuwa juu, kupiga nje ya mtandao kulikuwa anasa. Ndiyo maana wapenzi walihamia mtandao mmoja kabla hawajahamia nyumba moja, na ndiyo maana simu za laini mbili zilipata soko kubwa kwetu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizishusha gharama hizo kwa awamu: kutoka zaidi ya shilingi 100 kwa dakika hadi shilingi 34.92 mwezi Machi 2013, kisha shilingi 15.60 mwaka 2018, na shilingi 2 mwaka 2022. Wenza wengi bado wanachagua mtandao kwa hofu ya mwaka 2010, ilhali sababu ya hofu hiyo imepungua sana. Vifurushi vingi leo vina dakika za mitandao yote. Soma kwanza, kisha ndipo umwambie mwenzako atupe namba yake ya miaka kumi. Na tangu mwaka 2017 anaweza hata kuhama mtandao bila kubadili namba.

Wapo wanaouliza kwa nini hatuna mikataba ya familia kama Marekani, ambako laini kadhaa huwekwa kwenye bili moja na bei ya kila laini hushuka kadiri zinavyoongezeka. Jibu ni kwamba mkataba ule umejengwa juu ya historia ya mikopo ya mtu, benki na anwani. Tena una doa lake. Mwenye akaunti ni mmoja, na ndiye mwenye sauti ya mwisho juu ya laini zote. Mwaka 2022 Marekani ililazimika kutunga sheria, Safe Connections Act, inayompa mtu aliyeteswa na mwenza wake haki ya kuitoa laini yake kwenye mkataba wa pamoja. Yaani kufuli la simu ya mezani lilikuwa limerudi kwa sura ya bili nafuu.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo: wenza washirikiane gharama, wasishirikiane umiliki. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa mwaka 2020, laini ni kitambulisho, ni pochi, na mara nyingi ni akiba. Mwanamke anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe hana uhakika na fedha iliyomo siku mume akifariki au wakitengana. Punguzo lolote la bei halifidii hatari hiyo.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Kwanza, kila mmoja awe na laini yake kwa jina lake. Pili, kwa wiki mbili andikeni mnampigia nani na mnatumia intaneti kwa jambo gani. Wengine hugundua kwamba wao kwa wao huongea kwa intaneti, na dakika nyingi walizonunua huishia kwa wazazi kijijini wasio na simujanja. Tatu, gawanyeni bei kwa kiasi mlichotumia, si kwa kiasi kilichoandikwa. Kifurushi cha shilingi 10,000 chenye GB 5, mkitumia 3 zikaisha siku zake, hamkununua GB moja kwa 2,000 bali kwa zaidi ya 3,300. Nne, wekeni fungu la mawasiliano kwenye bajeti ya nyumba kama mnavyoweka la maji na umeme, na kila mmoja alipate mwanzoni mwa mwezi bila kuomba. Mimi na mke wangu tuliishi mikoa tofauti kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kazi, na fungu hilo ndilo lililotuondolea ugomvi, kuliko punguzo lolote.

Lakini busara ya nyumbani ina mpaka. Mwaka 2021 TCRA ilitoa kanuni ndogo zilizowataka watoa huduma kumwezesha mteja kumhamishia mwingine wa mtandao huohuo sehemu ya kifurushi chake. Mwezi Aprili mwaka huo, bei mpya za vifurushi zilipozua malalamiko makubwa, serikali ilizisitisha. Matukio hayo mawili yanafundisha kwamba bei ya simu si mvua inayoshuka yenyewe kutoka mawinguni. Ni uamuzi, na uamuzi hujadiliwa.

Serikali inayompangia mwalimu Kigoma na mumewe Mtwara imeifanya simu kuwa sebule yao. Kwenye sebule hiyo ndiko wanakolea watoto na kupanga ujenzi. Watumishi na vyama vyao wanapodai uhamisho wa kufuata wenza, nao wadai, kwa sauti ileile, kifurushi cha kaya: laini mbili, majina mawili, salio moja lisiloisha kabla halijatumika. Teknolojia ya kuhamisha salio tayari ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kulidai.